Kujenga Programu ya Wavuti ya Maombi ya Kazi ya Wanafunzi: Mwongozo kutoka Mombasa

Mwanafunzi wa Mombasa anayetafuta kazi ya likizo, au nafasi ya yale mafunzo kazini ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti, bado hutembea na bahasha za kaki. Moja humwachia bawabu wa hoteli kule Nyali, nyingine huiweka kwenye meza ya mapokezi ya wakala wa forodha karibu na Moi Avenue, ya tatu humkabidhi karani wa yadi ya makontena huko Changamwe, kisha hurudi nyumbani kungojea simu. Simu isipolia, hana njia ya kujua kama bahasha yake ilisomwa ikakataliwa au ingali chini ya rundo la nyingine vilevile alivyoiacha.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga programu ya wavuti ambayo ofisi ya ajira ya chuo inaweza kuitumia badala ya bahasha hizo. Nachukulia kwamba msomaji anaifahamu PHP kwa kiasi, amewahi kutumia hifadhidata ya MySQL, na ana mtu wa ofisini aliye tayari kumsikiliza. Rai yangu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: kupokea maombi ni kazi nyepesi, hata bawabu huiweza; kazi nzito, na ndiyo inayoistahilisha programu kujengwa, ni kumwambia mwombaji ombi lake limefika wapi.

Hatua ya kwanza: fuata bahasha moja

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, keti na afisa wa ajira wa chuo siku nzima, na ikiwezekana umtembelee mwajiri mmoja au wawili, ili uione bahasha moja ikipita mikono yote inayopita. Andika ni nani huipokea, nani huifungua, nani huamua, na mahali ambapo husimama kwa wiki tatu bila mtu kuigusa. Mahali hapo pa kusimama ndipo programu yako itakapopafanyia kazi zaidi.

Utagundua mapema kwamba chini ya neno "kazi" kuna mambo mawili tofauti. Kazi ya kulipwa, kama ile ya hoteli za pwani msimu wa Desemba, huhitaji wasifukazi na barua tu. Atachimenti huhitaji barua ya chuo ya kumtambulisha mwanafunzi, bima ya kipindi cha mafunzo, daftari la kumbukumbu za kila siku, na mhadhiri wa kumtembelea kazini. Usijaribu kuyabana yote mawili katika fomu moja yenye visehemu ishirini visivyomhusu nusu ya waombaji. Weka aina ya nafasi kama swali la kwanza, na uache hati zinazodaiwa zitokane na jibu lake.

Hatua ya pili: majedwali na hali za ombi

Majedwali ya msingi ni matano: wanafunzi, waajiri, nafasi, maombi na hati. La sita, ambalo wajenzi wengi hulisahau, ni historia ya ombi. Kila ombi linapobadilika hali, safu mpya huandikwa katika jedwali hilo ikionyesha hali ya zamani, hali mpya, aliyeibadilisha na wakati alioibadilisha. Safu hizo hazihaririwi wala hazifutwi mtu anapojuta. Mwanafunzi akija ofisini akidai kwamba aliitwa mahojiano kisha akaachwa, afisa atafungua historia na kumwonyesha, badala ya kubishana naye kwa kukisia.

Hali zenyewe nimezifanya kuwa rasimu, limewasilishwa, limefunguliwa, orodha fupi, mahojiano, limekubaliwa, limekataliwa, limeondolewa na limefungwa bila jibu. Hali ya "limefunguliwa" ndiyo moyo wa mfumo. Haibonyezwi na mtu. Programu huiandika yenyewe mwajiri anapofungua ombi kwa mara ya kwanza. Baadhi ya waajiri hawaipendi, maana inawaondolea kisingizio cha kusema kwamba hawajaona kitu, na utaombwa kuiondoa. Mimi niliombwa mara mbili. Usikubali.

Funga pia njia za kutoka hali moja hadi nyingine. Ombi lililokataliwa lisiweze kurudi kuwa rasimu, na mwanafunzi asiweze kulihariri ombi ambalo mwajiri amekwisha kulifungua, ingawa awe huru kuliondoa wakati wowote. Sheria hizi ziandikwe mahali pamoja katika msimbo, zisitawanywe katika kila ukurasa.

Mambo mawili madogo hapa yatakuokoa. La kwanza ni kuiambia hifadhidata yenyewe kwamba mwanafunzi mmoja hawezi kuwa na maombi mawili kwa nafasi moja. Mtandao ukiwa mzito, mtu hukibonyeza kitufe cha "Wasilisha" mara tatu, na ukitegemea ukaguzi wa PHP peke yake utajikuta na maombi matatu yaliyofika kwa wakati mmoja. La pili ni kunakili wasifukazi wakati wa kuwasilisha. Mwanafunzi huubadilisha wasifu wake kila anapoomba nafasi mpya. Kama ombi linaelekeza tu kwenye faili iliyo katika akaunti yake, mwajiri wa hoteli atafungua barua siku ya Jumatatu na kukuta maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya bandari.

Hatua ya tatu: fomu inayomfahamu mwombaji

Anza na jina. Fomu zilizonakiliwa kutoka ng'ambo hudai jina la kwanza na jina la ukoo, lakini mtu wa pwani huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hakuna hata moja kati ya hayo analoliita la ukoo. Weka kisehemu kimoja cha "Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo" na usiligawe. Kikubali alama ya ritifaa, kwa sababu kuna akina Sa'ad na akina Ng'ang'a. Ukiona jina la namna hiyo linaiangusha programu, usikimbilie kuipiga alama hiyo marufuku: ni dalili kwamba unaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri za hifadhidata, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kupitia tundu hilohilo kuiba au kufuta data yote. Dawa yake ni amri zilizoandaliwa, ambazo hutenganisha amri na thamani zake.

Nambari za simu nazo zina mtego wake. Ukaguzi mwingi ulioandikwa zamani hukubali zinazoanza na 07 pekee, ilhali tangu 2019 kuna zinazoanza na 01. Pokea nambari kwa namna yoyote ambayo mtu ameiandika, yenye nafasi au isiyo na nafasi, yenye sifuri au yenye 254, kisha uihifadhi kwa umbo moja la kimataifa.

Kitambulisho cha mwanafunzi katika mfumo kiwe nambari yake ya usajili chuoni, wala si ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa wapo wanaoingia mwaka wa kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni watoto machoni pa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na kushughulikia data zao kunahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Sheria hiyohiyo inapaswa kukufanya uzisome upya fomu za zamani za karatasi. Nyingi huuliza dini, kabila, hali ya ndoa na majina ya wazazi, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Sheria inayaweka mambo hayo yote katika fungu la data nyeti, pamoja na afya na maelezo ya mali. Chukua fomu ya zamani, upite nayo kisehemu kwa kisehemu mbele ya afisa wa ajira, na kila kimoja umwulize ni uamuzi gani unaokitegemea. Kisichokuwa na jibu kitoke. Katika fomu niliyoipitia mimi, visehemu 31 vilibaki 12, na hakuna mwajiri aliyewahi kuulizia vilivyotoka.

Hatua ya nne: hati zinazopakiwa

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Toleo langu la kwanza niliandikia chuo kimoja cha hapa, kwa PHP tupu. Juma la kwanza lilipita vizuri. Juma la pili mwanafunzi wa kike alikuja ofisini na simu yake mkononi, akasema kwamba programu inamdai jina lake kila anapowasilisha, ilhali amekwisha kuliandika mara nne. Nilimwomba ajaribu mbele yangu. Alijaza kila kitu, akabonyeza, kiduara kikazunguka kwa karibu dakika nzima, na ukurasa ukarudi mtupu wenye maandishi mekundu: "Tafadhali andika jina lako." Jina lilikuwa limeandikwa, nililiona kwa macho yangu.

Kosa halikuwa kwenye jina. Alikuwa amepiga picha matokeo yake ya mitihani na barua ya chuo kwa kamera ya simu, na kila picha ilikuwa na megabaiti nne au tano. PHP huja na kikomo cha megabaiti 2 kwa faili moja, kiitwacho upload_max_filesize, na cha megabaiti 8 kwa fomu nzima, kiitwacho post_max_size. Faili moja ikivuka kikomo cha kwanza utapata taarifa ya kosa inayoeleweka. Fomu nzima ikivuka cha pili, PHP hutupa kila kilichotumwa, majina na faili pamoja, na kuikabidhi programu yako fomu tupu. Programu, kwa kuwa haikuona jina, ikamdai jina. Nilipopekua kumbukumbu za seva nilikuta waombaji kumi na tisa waliokwama hivyo, na wengi wao hawakurudi.

Basi fanya hivi. Pandisha kikomo cha faili moja hadi megabaiti 8 na cha fomu nzima hadi 32, ukihakikisha kwamba cha pili daima ni kikubwa kuliko jumla ya faili unazoziruhusu. Ikiwa Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya vivinjari, imekaa mbele ya PHP, ipandishie nayo kikomo chake, client_max_body_size, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 1 tu na hujibu kwa kosa namba 413. Pakia kila hati peke yake mara inapochaguliwa, badala ya kuzingoja zote hadi mwisho. Zipunguze picha ndani ya kivinjari kabla hazijaondoka kwenye simu, kwa sababu megabaiti hizo mwanafunzi amezinunua. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipandia nchi kavu hapahapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010, lakini kijana wa Mtongwe bado huhesabu bando lake.

Hati zenyewe ziwekwe nje ya folda inayofikiwa na wavuti, zipewe majina ya nasibu yasiyoweza kukisiwa, na aina ya kila faili ikaguliwe kwa yaliyomo ndani yake badala ya herufi za mwisho za jina. PDF na JPEG zinatosha.

Hatua ya tano: seva, kikoa na mfumo

Toleo la pili nililiandika kwa Laravel, mfumo wa PHP uliokuwapo tangu 2011, kwa sababu mbili: unashughulikia mengi niliyokuwa nikiyaandika kwa mkono, fomu iliyozidi ukubwa ikiwemo, na mwanafunzi mwingine atakayeirithi kazi ataweza kuusoma. Vyuo huwa na tabia ya kumpa kazi hii mwanafunzi hodari wa mwaka wa nne, ambaye huhitimu akaondoka na nywila zote kichwani. Zidai nywila ziwe za ofisi tangu siku ya kwanza.

Omba kikoa kidogo chini ya anwani ya chuo inayoishia na .ac.ke, waajiri huiamini zaidi ya anwani ya kununua, na chuo hakitasahau kuilipia. Weka cheti cha usalama cha Let's Encrypt, kisicholipiwa, na uhakikishe kwamba kinajihuisha chenyewe, maana hudumu siku 90 au chini ya hapo. Zima hali ya utatuzi (debug) kabla ya kufungua milango, la sivyo kosa lolote litamwonyesha mgeni siri za seva. Nakala rudufu ya kila usiku ihifadhiwe kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa muhula uijaribu kwa kuirejesha.

Hatua ya sita: nani aone nini

Ingia kama mwajiri, fungua ombi lolote, kisha utazame anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa inaishia na 114, ibadilishe iwe 115. Ukiona wasifukazi wa mtu aliyeomba kazi kwa kampuni nyingine, milango yako iko wazi, hata kama umeweka nywila ndefu kiasi gani. Kila ukurasa na kila hati lazima iulize upya kama mtu huyu anaruhusiwa kuiona: mwajiri aone maombi ya nafasi zake tu, mwanafunzi aone yake tu, na afisa aone yote lakini kila anachofungua kiandikwe. Data zikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, sheria inadai Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72, na huwezi kumjulisha kilichovuja ikiwa hukuwahi kuandika nani alifungua nini.

Hatua ya saba: saa ya mwisho

Usiandike kamwe kwamba maombi yatafungwa "Ijumaa saa sita usiku". Kwa Mswahili, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya Alhamisi kuchwa. Kwa aliyezoea kalenda ya ofisini, ni usiku unaokuja baada ya Ijumaa yenyewe. Nusu ya waombaji watachelewa kwa siku nzima na wote watakuwa na haki ya kulalamika. Chagua wakati wa mchana usio na utata, kwa mfano Ijumaa saa kumi na moja jioni, uuandike kwa maneno na kwa tarakimu, 17:00, pamoja na tarehe.

Kisha uikague saa ya programu. Laravel huanza ikiwa imewekwa kwenye saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Usipolishughulikia hilo, nafasi inayofungwa saa kumi na moja itafungwa saa mbili usiku, na mwajiri atauliza maombi haya ya magharibi yametoka wapi. Hifadhi nyakati zote kwa UTC, lakini uzipokee na kuzionyesha kwa majira ya Afrika Mashariki.

Hatua ya nane: ujumbe

Barua pepe za programu mpya huangukia kwenye taka, na wanafunzi wengi hawafungui barua pepe ila wakilazimika. Muombe msimamizi wa kikoa aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa hicho, lakini habari muhimu zipeleke kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia kampuni inayouza huduma hiyo kwa jumla. Habari muhimu ni nne tu: limewasilishwa, limefunguliwa, mahojiano, na uamuzi au kufungwa bila jibu. Ujumbe utumwe na kazi ya nyuma inayoendeshwa kila dakika, ili mwanafunzi asisubirishwe kwenye fomu wakati seva inazungumza na mtandao wa simu.

Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika seti ya kawaida ya simu inayoruhusu alama 160 kwa ujumbe mmoja. Adui ni ritifaa iliyopinda. Ukiandika kiolezo cha ujumbe katika programu ya kuchapia maandishi, itaigeuza ritifaa ya "ng'" kuwa ya kupinda, na hiyo haimo katika seti. Alama moja ya namna hiyo huushusha ujumbe wote hadi alama 70. Ujumbe wa alama 150 uliokuwa mmoja unagawanyika kuwa mitatu, na chuo kinalipia mara tatu. Igeuze kila ritifaa iliyopinda kuwa ya kunyooka kabla ya kutuma.

Hatua ya tisa: ijaribu njiani

Chukua simu ya bei ya chini kabisa utakayoweza kuazima, uende nayo kwenye kivuko cha Likoni, na uanze kujaza fomu feri inapong'oa nanga upande wa kisiwani. Katikati ya kivuko izime data, uiwashe tena, kisha umalizie ng'ambo ukiwa umebanwa na umati unaoshuka. Kilichoandikwa kabla ya kuzima kiwe kingalipo. Kisipokuwapo, rudi kwenye msimbo uifanye rasimu ijihifadhi kila kisehemu kinapokamilika. Jaribu pia chini ya jua la saa saba mchana, ndipo utakapojua kama maandishi yako ya kijivu juu ya meupe yanasomeka.

Hatua ya kumi: orodha ya kimya

Programu ikiisha kuanza kazi, ongeza ripoti moja ambayo hutokea yenyewe kila Jumatatu asubuhi. Inaorodhesha maombi yote ambayo hali yake haijabadilika kwa siku 14, yamepangwa kwa mwajiri, yenye idadi na nambari ya simu ya ofisi husika. Afisa huichapisha, huchukua simu, na huanza na yule mwenye maombi mengi zaidi. Hahitaji kugombana na mtu. Humsomea tu: maombi arobaini, yaliyofunguliwa ni matatu.

Ombi likifikisha siku 42 bila mabadiliko, programu hulifunga na kumtumia mwanafunzi ujumbe usemao kwamba mwajiri hakujibu, kwamba ombi limefungwa, na kwamba nafasi nyingine za fani yake zinapatikana kwenye kiungo kilichoambatishwa. Andika maneno hayo wewe mwenyewe pamoja na afisa wa ajira, myasome kwa sauti, na mhesabu alama zake zisizidi 160.